Noti Iliyopasuka Sikio

Bwana Evariste aliikataa noti yangu ya dola ishirini.
Aliiinua juu, jua likapenya kijitundu,
akasema, "Hii imepasuka sikio. Lete nyingine.
Hamsini kamili, kabla ya Alhamisi,
na utapiga dakika kumi na mbili
kabla watu hawajafika."

Kabla watu hawajafika!
Basi nilikuwa nalipia viti vitupu,
viti vya plastiki, vya buluu, vya kukodi,
na hata hivyo viti vimelipiwa.
Aliyevibeba kalipwa. Mwenye jenereta kalipwa.
Mchora bango, aliyekosea herufi za jina langu,
kalipwa nusu, nusu atamaliziwa Jumatatu.
Mwenye sauti peke yake
ndiye anayejipekua mifuko.

"Unalipia kuonekana," alisema.
Katembo, mpiga besi wangu, alicheka mpaka akakohoa.
Goma hii, ambako mlima wenyewe
huonekana usiku kucha, mwekundu, bure,
na hakuna aliyewahi kuukatia risiti.

Simwiti mwizi.
Mvua ikinyesha, hasara ni yake,
na askari wa langoni hawali mashairi.
Mkono mtupu haulambwi, nakubali.
Lakini wangu si mtupu, una sugu:
nne za nyuzi,
zilizobaki za chukudu.

Maana mchana nasukuma chukudu.
Jumamosi, pale Birere, gari lake likagoma kuwaka.
Spika nne, nzito kama magunia ya viazi,
akapiga mluzi bila kutazama uso.
"Mpaka uwanjani Katindo, ngapi?"
Nikataja bei. Hakuuliza nani ananijua mjini.
Hakuuliza nitaleta wateja wangapi.
Akatoa nusu papo hapo,
kabla gurudumu halijagusa jiwe.

Kumbe anajua kulipa kwanza.

Nusu ile nikampelekea Kavira, mbadilisha pesa,
afidie kile anachokata kwa noti yenye kidonda.
Nikatimiza hamsini, siku mbili baada ya siku yake;
akanung'unika, akazihesabu, akapokea.
Nikaimba. Jioni bado nyeupe.
Mbele yangu mtoto mlinda viti, amelala,
na mama mmoja anayekaanga sambaza kando ya ukuta.
Wimbo wa pili, alisahau kuzigeuza.
Ziliungua upande mmoja.
Nilisikia harufu, nikaongeza sauti.

Saa saba za usiku spika zikarudi Birere
juu ya mbao zile zile, mgongo ule ule.
Sasa alitazama uso. Kidogo.
Akanipa nusu iliyobaki, noti ya dola tano.
Niliiinua mbele ya tochi ya Katembo.

"Imepasuka sikio," nikasema. "Lete nyingine."

Alijipekua mfuko mmoja, akahamia mwingine,
koti, suruali, soksi.
Mimi sikuhesabu. Katembo alihesabu:
dakika kumi na mbili.