Bati Jipya

Saa nane na robo usiku, Lindi.
Feni inageukia upande mmoja tu, kama mtu aliyelalia shingo.
Simu ya kumi na nane alikuwa mlevi wa Mtanda,
anataka kujua nani kafunga goli la pili.
Ya kumi na saba alinitukana matusi ya nguoni
kwa sababu gari ni moja na yeye alipiga mwanzo.
Alikuwa na haki. Nikamwambia pole, nikameza.

Ya kumi na tisa.
Dharura, nakusikiliza. Uko wapi?
"Nyumbani."
Nyumbani wapi, baba?
"Kwetu. Kwenye bati jipya."

Korosho zimelipwa juzijuzi.
Toka Ruangwa mpaka Liwale paa zinang'aa;
mtu kukwambia bati jipya msimu huu
ni sawa na kukwambia: nitafute, nimevaa kandambili.

Nani anaumwa?
"Mama. Yuko chini. Yalitoka maji, sasa damu."
Unaitwa nani?
"Shazili."
Simu ina chaji, Shazili?
"Asilimia nne."

Katika kiti hiki nimehesabu vingi,
mapigo ya moyo, nafasi kati ya uchungu na uchungu,
lita za dizeli zilizobaki kabla ya mwisho wa mwezi.
Asilimia huhesabiwa kwa meno.

Toka nje, mwanangu. Unaona nini?
"Giza."
Na nini tena?
"Taa nyekundu. Juu."
Mnara! Na chini ya mnara?
"Ghala la ushirika. Na mbuzi wa Bi Somoe."

Mbuzi hawamo kwenye ramani yangu.
Vijiji vyenye mnara na ghala ni viwili,
kati yake kuna mto.
Nachagua.
(Hilo neno hawakutufundisha kwenye semina:
walisema *kuratibu*.)

Mchopa anapokea kabla haijalia mara ya pili.
"Sijalala," anasema, kama kila siku,
na usingizi unakwaruza kooni mwake
kama mchanga kwenye chujio.
Ametoka Nachingwea saa sita. Tairi la akiba ni kipara.
Nyuma atakaa Asumini na tochi ya kichwani
aliyoinunua kwa pesa yake,
na dripu ataishika kwa mkono njia nzima,
maana ndoano ilikatika Juni.
Tuliandika barua.
Barua ilijibiwa: imepokelewa.

Shazili, mgeuze mama alalie ubavu wa kushoto.
Mfunike. Usimpe kitu.
"Utakuja wewe, shangazi?"
Anakuja Mchopa.
"Mchopa ni nani?"
Ni mtu anayejua

na hapo ikakata.

Saa tisa kasoro. Mchopa hewani:
"Mto umejaa. Nashuka nipime kwa mguu."
Namsikia akivua viatu.
Namsikia Asumini akisema jina la Mungu, taratibu,
kama anayemwamsha mgonjwa.
Kisha mtandao.

Kompyuta inauliza: *Funga tukio?*
Chini yake kisanduku: *Matokeo.*
Ya ishirini inaita. Nabonyeza ndiyo,
kisanduku kitupu,
kama vile vingine.
Dharura, nakusikiliza. Uko wapi?

Kumi na moja na nusu ujumbe unaingia:
*Tumevuka. Wawili.*

Wawili nani, Mchopa?
Mama na kichanga?
Mama na Shazili, kichanga hapana?
Au ni wewe na Asumini, mmevuka mto,
na hata nyumba hamjaiona?
Napiga. Haipatikani.
Yuko njiani, au amelalia usukani,
au anaosha sakafu ya gari kwa ndoo
na simu ameiacha kwenye kiti.

Nakabidhi zamu. Jua limeshatoka.
Mama ananipigia niende na chumvi;
nakuta nimemuuliza, Uko wapi?
Kicheko chake kinanifuata barabarani.

Natembea nikiangalia juu.
Bati jipya, moja.
Mbili, tatu, ile ya fundi cherehani nne.
Nimefika saba
na bado sokoni sijafika.