Kabla Hujaondoka na Boti

Hela nimezihesabu, zimetimia. Funguo hizi.
Lakini zima kwanza gari lako, Renata.
Boti haiuzwi kama gunia la mahindi,
ukalitupa begani ukaenda zako.

Anza na kizibo. Hiki cha shaba, hakizidi kidole gumba.
Kinakaa shetri, chini kabisa, pasipoonekana.
Mwaka wa mafuriko nilikisahau mfukoni,
mimi na Oleta tukaingia bwawani tukicheka,
maji yakatufika vifundoni kabla ya kahawa kupoa.
Yeye alifua kwa kofia yangu. Mimi nilifua kwa matusi.
Wasemao chombo cha kuzama hakina usukani
hawakumwona mke wangu
akiturudisha gatini kwa ukaidi mtupu.
Kikaze nyumbani, trela haijatembea.
Ukifika, kiguse tena.

Taa ya kushoto ya trela ina kigugumizi. Ipige kofi.
Betri ya mota ndogo, ile ya omoni, ichaji usiku kucha,
vinginevyo utarudi kwa kasia, na kasia ni moja.
Kamba hii nyekundu ifunge kwenye koti la kuokolea:
ukirushwa nje, injini inazimika palepale,
haikuzunguki kukutafuta.
Nilimjua mtu.
Tuendelee.

Besi si mkimbiaji, ni mvizia njia.
Yuko kivulini mwa gogo, chini ya gati la jirani,
pale magugu yanapokoma na kina kinapoanza,
anasubiri mjinga apite.
Kazi yako ni kumtengeneza huyo mjinga.

Mipichi ikichanua, maji yakiacha kuuma vidole,
majike hupanda kwenye kina kifupi kutaga.
Ukimpata mmoja, tumbo zito, mpige picha haraka, mrudishe.
Julai nenda gizani na chambo cha kuelea,
kile kinachobwabwaja juu ya maji kama chura mlevi.
Jua likishika, shuka naye kilindini:
mnyoo wa mpira, rangi ya zambarau bivu,
ncha ya ndoana imezikwa mwilini mwake isinase vijiti,
na chubwi dogo kuliko unavyodhani.
Liache lizame.
Liache, nimesema.
Hapo ndipo wengi hushindwa, mkono haujui kukaa bure.
Ukisikia kama ukucha umegonga meza,
au mshipi ukienda kando bila ruhusa yako,
kusanya ulegevu, kisha vuta
kama unayefungua mlango uliovimba kwa mvua.

Fundo ulilowanishe kwa mate kabla ya kukaza.
Mshipi mkavu hujiunguza wenyewe,
nawe utalaumu samaki.

Sanduku lina vyambo mia na hamsini na vitatu.
Vinne vina alama za meno. Anza na hivyo.
Vingine nilivinunua majira ya baridi,
usiku, kwa upweke.

Mikwaruzo hii kwenye benchi ni ya kisu cha Oleta,
alipimia hapa, hakuamini rula yangu.
Huu wa mwisho kabisa, karibu na msumari,
ni wa Aprili yake ya mwisho.
Alimpima, akamwambia kitu, akamwachia,
mimi bado natafuta kamera.
Ukitaka kupaka rangi, paka. Boti ni yako.

Unaniuliza kwa nini nauza.
Tazama mkono huu wa kulia.
Siku hizi unatikisa mshipi bila kutumwa,
besi wanaona ni mwaliko mzuri,
ila kufunga fundo hauwezi tena,
na sipendi kumwomba mtoto wa jirani kila mara.

Haya, nenda. Barabara ya Tidmore ina mashimo, pita polepole.
Jumamosi watu hujaa, jaribu Jumanne.

Ngoja.
Renata! Simama!
Kizibo.
Kiko mfukoni mwangu.