Vidole vya Stelingi

Ukungu bado umelalia mabati ya Newala.
Tumekaa watano, kila mtu na jiwe lake, na gongo lake,
na majivu kwenye kifuu,
na kabla korosho ya kwanza haijalia ka!
Somoe keshasema: "Jamani, pale kabatini."

Basi, siku imeanza.

Kwa Somoe filamu nzima ni kabati.
Stelingi kabanwa katikati ya magauni ya mke wa adui,
nje buti zinapita, mbwa ananusa zulia,
mlango unafunguliwa: mke mwenyewe.
Anamwona. Macho kwa macho.
Ananyoosha mkono juu ya bega lake,
anachagua gauni la samawati,
anafunga mlango polepole kama anayefunika mtoto.
"Hakupiga kelele," anasema Somoe. "Mnaelewa? Hakupiga."
"Alikuwa mpelelezi mwenzao huyo," anasema Tabia.
"Alikuwa kachoka," anasema Somoe,
na kwa muda yanasikika mawe tu.

Skolastika hataki kabati, anataka pikipiki,
ile inayoshuka ngazi za stesheni, ngazi mia na ushee,
stelingi pasi ya kusafiria kaing'ata menoni,
risasi zinachokoa ukuta nyuma ya sikio.
Anatuonyesha kwa gongo, ta, ta, ta, ta,
korosho tatu zinakuwa vipande,
na bei ya vipande hapa mnaijua.
"Kaka yangu," anasema akiokota, "anashuka mteremko wa Kitangari
na magunia mawili na mbuzi, breki hana,
na hakuna aliyewahi kumpigia muziki."

Esha hakumbuki tukio, anakumbuka neno.
Pale mkuu wa majasusi anakata roho,
midomo ikitikisika muda mrefu,
na sauti ya mtafsiri ikatoka spikani kwa ufupi:
"Anasema hivi: deni langu la dukani, msilipe."
Banda zima la Mchopa likaanguka kwa kicheko.
Sasa Esha anataka kujua, ni kweli alisema vile?
Nani wa kumwuliza. Midomo ilikwenda mbali, maneno yakabaki nyuma.
"Na mimi," anasema, "yale ambayo hayakutafsiriwa ndiyo nayaota."

Mimi nilikuwa kimya.
Langu ni lile la hotelini:
stelingi peke yake, taa ya bafuni inapepesa,
anamimina dawa kwenye beseni,
anazamisha vidole, kimoja kimoja,
ili dunia isimtambue kwa alama.
Banda liligumia. Watoto walifumba macho.
Nikawaza: si angekuja kwetu,
msimu mmoja wa kubangua,
bila dawa, na ujira juu.

Maana nilikwenda kusajili laini.
Kijana akakifuta kidole changu kwa kitambaa, kwa spiriti, kwa shati lake.
Mashine ikawaka nyekundu.
"Jaribu kingine, mama." Nyekundu.
Kumi vyote. Mafuta ya ganda yamekula mistari,
mwandiko wa Mungu umefutika kwa kilo.
Laini ikasajiliwa kwa jina la mwanangu,
na tangu hapo simu inaniita Shaibu.
Shaibu, umepokea elfu nane.
Shaibu, salio lako halitoshi.
Nami naitika.

"Jasusi!" anapiga yowe Tabia. "Mwenye majina mawili!"
Tunacheka mpaka Somoe anapaliwa na majivu,
ila Skolastika anainua viganja vyake vyeusi kwenye mwanga,
anavigeuza, anavisoma
kama tiketi iliyokwisha muda.

Mwisho wa filamu hatukuuona. Umeme ulikatika
stelingi akiwa na mguu mmoja ndani ya ndege.
Tabia anasema alipanda. Esha anasema alirudi kumfuata yule mke.
Somoe anasema tungoje kwanza, arudie pale kabatini,
kuna kitu alikisahau:
lile gauni la samawati
lilikuwa limekatika kifungo kimoja.