Gego la Mbalamwezi

Lilianza usiku wa kumi na tatu wa mwezi,
karabai zimelala vibandani,
mitumbwi imegeuzwa matumbo juu mchangani Igombe.
Mwezi ukikomaa, ziwa hufunga duka.
Hakuna giza, hakuna dagaa.
Na gego langu la chini, upande wa kulia,
likachagua wiki hiyo hiyo kuamka.

Nikalibembeleza. Karafuu. Maji ya chumvi.
Jirani akaleta pamba yenye mafuta ya taa;
nikamwambia, Ng'wasi, mimi si kandili.
Tukacheka,
kisha nikalia kwa sababu ya kucheka.

Daktari wa meno kule Kirumba, kijana wa vidole vyembamba,
aligonga mara moja kwa kijichuma chake,
nikaiona Ukerewe nikiwa nimekaa kitini.
"Mama, kuna njia mbili."
Kung'oa: elfu ishirini, leo hii.
Kutibu mzizi na kuziba: laki moja na themanini, safari tatu.
"Bima unayo?"
Ninayo kadi ya marehemu mume wangu.
Ilikufa naye siku moja.

Njia nzima nilikuwa nageuza laki kuwa ndoo,
ndoo kuwa usiku, usiku kuwa ada ya Kabula,
na kila hesabu iliishia kwenye koleo.

Jumamosi, kikoba. Sanduku la kufuli tatu katikati,
funguo kwa wanawake watatu wasiopendana.
Nikasimama, shavu kama andazi:
naomba mfuko wa jamii.
Katibu Nkwimba akafunua daftari, akasoma kwa kidole:
msiba, uzazi, ugonjwa wa kulazwa.
"Umelazwa?"
"Hata kulala sijalala."
Wakacheka. Kanuni haikucheka.

"Ling'oe, shoga, meno yapo mengi," akasema Milembe,
kanga mdomoni, kama afanyavyo kila anapocheka.
Miaka yote nilidhani ni haya.
Nikamuuliza: yako yako wapi?

Akanyamaza. Akaishusha kanga.
Juu, mbele, palikuwa na uwazi
wa kupitisha kidole gumba.
"Nilikuwa nabana matumizi," akasema.

Hakuna aliyetuamuru. Mmoja akafunua mdomo, akafuata mwingine,
hapo hapo kwenye mkeka, tukionyeshana
kama watoto wanaoonyeshana vidonda.
Aliyeacha muwa. Aliyeacha bisi.
Aliyeng'olewa bure na mjomba, kwa koleo la baiskeli.
Wanawake kumi na tisa, mapengo arobaini na sita.
Nkwimba aliiandika namba,
kisha akatafuta safu ya kuiweka, asiione.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mweka hazina aligoma:
leo jino, kesho kucha, keshokutwa mtaniletea nywele!
Chai ikapoa. Mtu akatoka, akarudi.
Mwishowe, kwa wino uliokuwa unakata:
*Jino nalo ni mwili. Mkopo bila riba, usizidi nusu ya gharama.
Urejeshwe giza likirudi.*

Nusu tu. Nikarudi Kirumba na elfu tisini kwenye leso,
nikauliza kama ninavyouliza bei ya chumvi:
naweza kulipa kidogo kidogo?
"Unaweza," akasema yule kijana, hata hakuinua macho.
"Sitini kila safari."
Kumbe kuuliza hakukuwa na bei.
Mapengo arobaini na sita,
na hakuna aliyewahi kutuambia.

Sasa ni giza. Taa zimetapakaa ziwani,
mikono yangu inanuka kazi.
Milembe ameniuliza, kwa sauti ya mwizi,
meno ya kubandika huuzwaje;
nikamwambia nenda, kaulize, na kanga uiache nyumbani.
Hajaenda bado.

Deni limebaki elfu sitini.
Kwa mazoea bado natafunia kushoto,
ila jana, nikigombana na Kabula juu ya sare,
kipande cha muhogo kilihamia kulia chenyewe,
nami nikaendelea kufoka.