Kubandua Nyigu

Meneja wa Tandabui alikuja dukani Jumanne,
Mtaa wa Narung'ombe umejaa madimbwi, mvua imekatika sasa hivi,
mkononi kiroba chenye jezi tano.
"Nne usiguse," akasema. "Hii moja
toa Nyigu, weka Upupu."

Mimi kazi yangu majina.
Siulizi. Mshona sanda haulizi marehemu kafa na nini.
Lakini Nyigu namjua,
Mwidini, mwana wa Bi Shangwe wa Ilala Bungoni,
misimu mitatu nimeupiga pasi mgongo huu huu
kabla hajauvaa.

"Kawakosea nini?"
"Hajakosea. Anachelewa."
"Mazoezini?"
"Kidoleni."
Akanionyesha simu yake, namba zenye nukta,
sekunde imekatwa vipande sijui vingapi,
na Nyigu yuko nyuma kwa kipande kimoja,
kipande ambacho hata chafya haienei.
Ana miaka ishirini na miwili.
Upupu ana kumi na sita, anatoka Mbagala Kizuiani,
akitaka kulala kambini
bado anaomba ruhusa kwa mjomba.

"Dirisha la usajili linafungwa Ijumaa,"
akasema meneja, na mimi nikatazama dirisha langu
ambalo halijafungwa tangu komeo livunjike.
Usiku wa jana wameshampa thenkyu:
picha yake akitabasamu, mstari mmoja wa shukrani,
na mioyo chini yake, mioyo mingi
ya watu waliokuwa wakimtukana Jumapili.

Nikawasha pasi.
Jina halibanduliwi kwa hasira, litaondoka na kitambaa.
Unalipasha moto, unalisubiri
mpaka lianze kuachia lenyewe,
kama mgeni anayetafuta viatu vyake mlangoni.
N ikatoka nzima.
Y ikakatika mkia.
I, kama ilivyo kawaida ya I, haikusumbua.
G iling'ang'ania, nikaikwangua kwa ukucha.

Kufika kwenye U nikasimama.
"Meneja, na Upupu si anaishia na U?"
Akahesabu kwa vidole. Akacheka.
"Basi iache. Unanipunguzia?"
Nikampunguzia elfu moja.

Kwa hiyo Jumamosi, ukumbini Makumbusho,
mtoto wa watu atapanda jukwaani
na herufi nne zinazong'aa
na ya tano imepauka, imefuliwa misimu mitatu.
Mwenye macho ataiona.
Wengi watakuwa wanatazama skrini.

Jioni akaja Mwidini mwenyewe.
Nikajiandaa kwa lawama.
Herufi zake nilikuwa nimezipanga kaunta,
nilidhani atazitaka. Akazipita.
Akaigeuza jezi, akapima mkono wake kwa shubiri.
"Ufupishe," akasema,
"huu ukilowa jasho unagusa kioo.
Halafu mwambie, simu namba tatu ina ufa kushoto.
Akivuta kidole apite juu ya ufa, asipite chini.
Chini inakula muda."

"Muda gani?"
Akabana kidole gumba na cha shahada
mpaka katikati pasionekane kitu.
"Hapo," akasema.

"Na meneja anajua?"
"Nilimwambia tangu Machi.
Akasema kioo kipya ni hela nyingi,
tusubiri wadhamini."

Sikuwa na neno. Luku ikaanza kulia ukutani,
yuniti zimebaki tatu,
na pasi ilikuwa bado ya moto.
Nikatafuta mkasi.
Yeye akaushika ule mkono, akaunyoosha vizuri juu ya meza,
tukaanza kukata
upande wa kushoto.