Bikoni Namba Arobaini na Moja

Tumefika Nala na darubini ya miguu mitatu,
mimi na Chiduo mshika fimbo ya vipimo,
na ramani ambayo haijaonja vumbi bado.
Kila mita ishirini, zege, na nondo utosini.
Ya arobaini na moja imeangukia
mlangoni kwa bibi yangu.

Hakupiga kelele. Alileta kigoda,
akaketi kando ya shimo kama anayemlinda mgonjwa,
akauliza:
"Na huyu mnamzika wima?"

Chiduo akacheka. Mimi nilikuwa nahesabu nyuzi.

Nyuzi tisini. Nilizibeba kutoka Morogoro
pamoja na cheti na jozi moja ya viatu:
pembe mraba, walisema, haigombani na mtu.
Lakini Bibi Mbeleje alikwisha kupangwa zamani.
Mwaka wa malori walimpakia na kinu, na kuku,
na ndama aliyefunikwa kaniki machoni,
wakamshusha penye mstari wa chokaa:
nyumba yako hapa, ya jirani pale,
milango yote itazame barabara.
Tembe lake walilibomoa mchana
ili asirudi usiku.
Akarudi usiku.
Si kulala. Kuchota majivu ya jikoni kwake
akayamwage penye mafiga mapya,
moto umtambue mwenyewe.

Kisa hiki nimekitumia sana.
Kwenye semina, kwenye chai, nikitaka kuilaumu amri.
Naye akinisikia hunikata:
"Na bomba je? Mbona bomba hulisemi?
Sema mama yako alijulia wapi kusoma.
Malori yale yale ndiyo yaliyokuzaa wewe
na kalamu zako za rangi."

Basi nikamuuliza kuhusu tembe,
nikidhani huko ndiko uhuru ulikolala,
chini ya paa bapa, na mtama ukianikwa juu.
Akacheka mpaka pengo likatoka nje.
"Tembe? Kule kila boriti ilijua imembeba nani!
Mkwe hapiti anapopita mkwe.
Ng'ombe katikati, wageni huku,
na mimi, mke wa tatu, pembeni penye moshi.
Nilitoroka mara mbili
kabla serikali haijajua jina langu."

Mara ya kwanza alirudishwa na kaka zake.
Ya pili alirudi mwenyewe:
mvua ilikuwa imenyesha, na jembe lake lilibaki kule.

Nilinyamaza. Jua la saa nane halina adabu hapa,
linakaa kichwani kama mzigo wa mtu mwingine.
Nikamkumbuka mtaalamu mmoja wa ng'ambo
aliyetuambia, mkononi kikombe, kwamba katika mji wao
mitaa mikongwe imepindapinda
kwa kuwa ng'ombe walitangulia kupita,
na leo watu hulipa nauli ya ndege
kuja kuipiga picha.
Kisha akachukua rula
akatuchorea Dodoma.

Saa kumi na moja mifugo ikarejea kutoka malishoni.
Haikusoma kitu.
Ilikata mshazari kiwanja cha arobaini na moja,
cha arobaini na mbili, kona ya zahanati ijayo,
na jike moja jekundu likasimama
likajikuna shingo kwenye bikoni yangu,
taratibu, upande huu, kisha upande huu.

Bibi akaitazama zege. Haikutikisika.
"Umeikaza vizuri," akasema,
na sikujua kama nimesifiwa.

Chiduo alikuwa anakunja utepe, ananihimiza,
gari la ofisi halingoji giza.
Nikafungua daftari kwenye safu ya Maelezo,
ile tunayoiachaga wazi,
nikaandika: *njia*.
Mkuu atauliza upana. Najua atauliza.
Nikapima kwa macho, bila darubini,
nikaongeza:
ng'ombe wawili sambamba,
na nafasi ya yule anayechelewa.