Baridi Elfu Kumi

Tangu alfajiri Aune ameugandisha mto St. Marys
mara elfu kumi, ndani ya kompyuta.
Meli ya kuvunja barafu huharibika, hupona, huharibika;
shehena ya chuma hukwama, na kila siku ina bei yake.

Mara moja tu injini zote zilizima,
mafuta ya kupashia nyumba joto hayakufika.
Akaandika: hatari ndogo.

Lakini kisiwani yupo shangazi yake, Hilja,
achomekaye miti mikavu ya Krismasi juu ya barafu
kuonyesha njia ya kanisani.
Meli ikifungua mto, yeye hufungiwa.

Programu haina safu ya miti.
Aune anaongeza moja, hajui aiite nini.

Anabonyeza. Baridi inaanza upya.